Minyoo wa tope la Tanganyika wanasema nini kuhusu maji ya Bujumbura?

Chini ya Ziwa Tanganyika, mbele ya milango ya mito inayokatiza Bujumbura, wanaishi minyoo wembamba ambao ni watu wachache waliowahi kuwaona. Hawamwambukizi binadamu ugonjwa wala hawana bei sokoni. Hata hivyo, wingi wao na aina zao vinaweza kueleza hali ya ziwa ambalo ndilo chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya jiji hilo.

Kutoka Kiriri hadi ziwani

Mtaa wa Kiriri umejengwa kwenye mteremko wa mashariki wa Bujumbura. Siku isiyo na ukungu, mtu aliyesimama huko huuona mji wote ukiwa chini yake, kisha ziwa, kisha milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Chini ya mtaa huo hupita mto Ntahangwa, unaoteremka kutoka milima ya Mirwa, ukapenya jijini kwa kupita kando ya Nyakabiga na Buyenzi, na hatimaye kuingia Ziwa Tanganyika.

Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, maji ya Ntahangwa hupungua sana. Mvua zinapoanza, mto huo hubeba mchanga, mawe na udongo mwekundu, na mahali unapoingia ziwani hutokea doa kubwa la rangi ya kahawia linaloonekana hata kutoka mlimani.

Sehemu ya juu ya habari hii wakazi wa jiji wanaijua vyema. Kingo za Ntahangwa zimekuwa zikimegeka mwaka hadi mwaka na kuzisogelea nyumba zilizo juu ya korongo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa na maporomoko ya udongo katika mitaa ya kaskazini mwa jiji viliua watu zaidi ya 60. Sehemu ya chini ya habari hiyo haijulikani sana: udongo ule ukishaingia majini huenda wapi, na huko unakokwenda unamkuta nani?

Jibu ni kwamba hutua. Chembe nzito za mchanga hutangulia kuzama karibu na mlango wa mto, na zile nyepesi za udongo wa mfinyanzi husafiri mbali zaidi kabla ya kushuka. Pamoja nazo hushuka majani yaliyooza, majitaka ya nyumbani na mabaki ya viwandani. Mkusanyiko huo ndio unaoitwa mashapo, na ndani yake mna maisha.

Si minyoo wa tumboni

Kwa Waswahili wengi, neno minyoo huleta mara moja picha ya ugonjwa: mtoto mwenye tumbo lililovimba, au dawa zinazogawiwa shuleni. Ni vyema basi kutenganisha mambo tangu mwanzo. Minyoo wanaozungumziwa hapa ni ndugu wa nyungunyungu wa shambani. Mwili wao umegawanyika pingili pingili, na wengi wao wana urefu wa sentimita chache tu na unene wa uzi. Hula tope, si damu wala chakula cha binadamu, na hawawezi kuishi ndani ya mwili wa mtu.

Wala wasichanganywe na mnyoo wa kichocho, maradhi ambayo nchini Burundi hujulikana pia kwa jina la bilharzia. Mnyoo wa kichocho ni wa jamii nyingine kabisa. Hulazimika kupitia kwa konokono wa majini kabla ya kumwingia binadamu kupitia ngozi, na hupatikana katika baadhi ya fukwe na mifereji ya nyanda za Ziwa Tanganyika na mto Rusizi. Tahadhari zinazotolewa na wahudumu wa afya kuhusu kuoga au kufua katika maji ya aina hiyo zinabaki palepale. Minyoo wa tope hawahusiki na hatari hiyo.

Maisha ya kichwa chini

Namna wanavyoishi minyoo hao ni kinyume cha mazoea ya viumbe wengi. Kichwa chao hukaa chini, ndani ya tope, na mkia huchomoza juu, ndani ya maji. Kichwa hula na mkia hupumua. Mnyoo humeza tope lililo sentimita kadhaa chini ya uso wa sakafu ya ziwa, hunyonya bakteria na mabaki ya viumbe yaliyomo, kisha hutoa choo chake juu, kama mchimba kisima anayepandisha udongo kwa ndoo. Mkia nao hupungwa huku na huku ili kunasa hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini.

Aina nyingi za minyoo hao ni nyekundu. Wekundu huo hutokana na himoglobini, kemikali ileile inayoifanya damu ya binadamu iwe nyekundu na kuiwezesha kubeba oksijeni. Kwa kuwa wanayo, wanaweza kuishi mahali ambapo oksijeni ni haba kiasi cha kuwaua viumbe wengi wengine. Maji yakizidi kukosa hewa, mnyoo hurefusha mkia wake juu ya tope na kuupunga kwa kasi zaidi.

Mnyoo mmoja hafanyi lolote la kutambulika. Lakini katika tope lenye uchafu mwingi wa kuoza, idadi yao katika eneo la mita moja ya mraba inaweza kufikia makumi ya maelfu, na pengine kuvuka laki moja. Kwa wingi huo, hulipindua tope la juu pasipo kukoma. Mwanasayansi wa Uingereza Charles Darwin alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1881 jinsi nyungunyungu wanavyougeuza udongo wa mashamba. Chini ya maji, kazi kama hiyo hufanywa na ndugu zao hawa.

Kazi hiyo ina faida na ina hasara. Vijishimo vya minyoo hupitisha maji na oksijeni ndani ya tope, na hivyo kuwasaidia bakteria kuozesha uchafu na kugeuza sehemu ya naitrojeni iliyozidi kuwa gesi inayotoka majini. Bila hivyo, naitrojeni hiyo ingeendelea kuulisha mwani. Kwa upande mwingine, sumu iliyozikwa miaka mingi, mathalani madini mazito kutoka katika taka za mjini, inaweza kupandishwa tena hadi juu ya tope, mahali ambapo konokono na samaki hujitafutia chakula. Uchafu uliozama haujapotea.

Ziwa kubwa, sakafu finyu

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na linahifadhi takriban sehemu moja ya sita ya maji yote baridi yaliyo juu ya uso wa dunia katika hali ya umajimaji. Burundi inamiliki asilimia 8 hivi ya eneo lake. Sehemu iliyobaki imegawanywa kati ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia.

Mtu anayezisikia takwimu hizo anaweza kudhani kwamba ziwa kubwa kiasi hicho haliwezi kudhuriwa na mto mdogo kama Ntahangwa. Dhana hiyo inasahau jambo moja muhimu. Maji ya Tanganyika hayachanganyiki kutoka juu hadi chini. Upande wa kaskazini oksijeni hupatikana hadi kina cha mita 100 hivi, na upande wa kusini hufika takriban mita 200. Chini ya hapo hakuna oksijeni, hivyo hakuna samaki, hakuna konokono, na hata minyoo waliozoea shida hawapo.

Kwa hiyo, sehemu ya sakafu ambayo mnyama anaweza kuishi ni ukanda mwembamba unaolizunguka ziwa kama pindo la kanga. Katika ukanda huo ndimo wanamoishi mamia ya aina za samaki, konokono, kaa na viumbe wengine wadogo, wengi wao wasiopatikana popote pengine duniani. Minyoo nao wamo katika hesabu hiyo: katika miaka ya 1990 wataalamu, akiwemo Patrick Martin wa Ubelgiji, walieleza aina za minyoo wa ziwa hilo ambazo sayansi haikuwa imezitambua. Na katika ukanda huohuo ndimo mito ya Bujumbura inamotua mizigo yake.

Kukosekana kwa minyoo vilindini kuna manufaa yake kwa elimu. Mahali pasipo na wanyama wa kulipindua tope, mashapo hubaki yamepangana tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari. Watafiti hutoboa tabaka hizo na kusoma ndani yake historia ya mvua, upepo na joto ya maelfu ya miaka. Karibu na pwani, minyoo huzivuruga kurasa hizo.

Ukanda wenye uhai unazidi kuwa finyu. Utafiti ulioongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba katika maeneo yaliyochunguzwa, sakafu ya ziwa yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940. Sababu iliyotajwa ni kuongezeka kwa joto: maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki kwa urahisi na yale ya chini, na oksijeni haishuki kama zamani. Pindo hilo sasa linabanwa pande mbili. Chini linabanwa na ukosefu wa oksijeni, na juu linafunikwa na udongo.

Udongo na uchafu ni madhara mawili

Katika mazungumzo ya kila siku, yote yanayoingia ziwani huitwa uchafu. Kwa viumbe wa sakafuni, hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya udongo mtupu na taka zinazooza.

Udongo mtupu, ule unaotoka kwenye kiwanja kilichochimbwa mlimani au shamba lisilo na matuta, hudhuru kwa kufunika. Huyajaza mapengo ya mawe ambamo samaki wadogo hujificha na kutaga. Huuzika mwani unaoliwa na konokono, na hulitia maji giza mwanga usipenye. Mwaka 1993 Cohen na wenzake walichapisha ulinganisho wa maeneo ya kaskazini mwa ziwa yenye viwango tofauti vya mmomonyoko. Walikuta kwamba mahali palipopokea udongo mwingi palikuwa na aina chache zaidi za samaki na za ostrakodi, ambao ni viumbe wadogo wenye magamba mawili kama kombe.

Taka zinazooza hudhuru kwa njia nyingine. Bakteria wanaoziozesha hutumia oksijeni, na kadiri taka zinavyoongezeka ndivyo hewa inavyopungua karibu na tope. Hapo viumbe huondoka kwa zamu. Wanaohitaji hewa nyingi hutoweka kwanza, kisha wanaohitaji ya wastani. Mwishowe hubaki minyoo wekundu na mabuu mekundu ya visubi, ambao nao wana himoglobini. Wakiisha kuondokewa na washindani na maadui, na chakula kikiwa tele, huzaana kwa wingi wa kushangaza.

Mto Ntahangwa huleta madhara yote mawili kwa pamoja. Mwaka 1996 watafiti wa Ubelgiji na Burundi walichapisha uchunguzi kuhusu athari zake kwa maji ya ziwa, na katika kichwa cha uchunguzi huo waliutaja kuwa mto uliochafuka kuliko mito yote ya Burundi inayoingia Tanganyika. Kiwanda cha kusafisha majitaka cha Buterere, kaskazini mwa jiji, huhudumia sehemu tu ya Bujumbura. Nyumba nyingi hutegemea mashimo ya vyoo, na mifereji ya mvua hupokea mengi yasiyokuwa maji ya mvua, yakiwemo mafuta machafu ya magari yanayomwagwa kando ya barabara.

Kuhesabu ili kujua

Hapo ndipo minyoo wanapogeuka kuwa mashahidi. Maji yanayochotwa leo kwenye chupa yanaeleza hali ya leo tu. Kama uchafu ulimwagwa usiku wa jana na mto ukausukuma mbali, chupa ya asubuhi haitauona. Mnyoo hana pa kukimbilia. Ameishi mahali pamoja kwa miezi, na kuwepo kwake, au kutokuwepo kwake, ni matokeo ya yote yaliyopita juu yake.

Njia ya uchunguzi si ya gharama kubwa. Kutoka kwenye mtumbwi, chombo chenye taya mbili hushushwa kwa kamba na kuchota tope la sakafuni. Tope hilo hupitishwa katika chekecho lenye matundu ya nusu milimita au madogo zaidi. Wanyama wanaosalia huhifadhiwa kwenye kileo, kisha hutenganishwa na kuhesabiwa kwa hadubini.

Mwaka 1960, wanasayansi wa Marekani Goodnight na Whitley walipendekeza kipimo rahisi ambacho kingali kinatumika: kati ya wanyama wote waliokutwa kwenye tope, ni wangapi katika kila mia ambao ni minyoo wa aina hii? Wakiwa chini ya 60, hali ni ya kuridhisha. Wakiwa kati ya 60 na 80, kuna shaka. Wakizidi 80, mahali hapo pamechafuka sana kwa taka za kuoza au za viwandani.

Kipimo hicho kinahitaji busara. Tope laini huwapendeza minyoo hata mahali pasafi, kwa hiyo mlango wa mto haupaswi kulinganishwa na ufuo wa mawe kama ule wa Gitaza. Ulinganisho wa haki ni baina ya tope na tope la aina moja, kwa kina kimoja na katika msimu mmoja. Aidha, uchache wa minyoo si habari njema sikuzote. Mahali ambapo hata wale wavumilivu wametoweka, huenda pana sumu kali, oksijeni imekwisha kabisa, au udongo unatua kwa kasi isiyomruhusu mnyama yeyote kutulia.

Linamhusu nani?

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: mwenye njaa ya mukeke na ndagala ana haja gani na mnyoo? Ni kweli kwamba samaki hao wawili, walio msingi wa uvuvi wa Burundi, huishi katika maji ya wazi na hawategemei tope kwa chakula. Wanaotegemea viumbe wa sakafuni ni samaki wa pwani, wakiwemo wale wanaochekecha mchanga kwa vinywa vyao ili kupata mabuu na wadudu. Ukanda wa pwani ukifa, samaki hao ndio wanaotangulia kupotea, na pamoja nao kitoweo cha mvuvi asiye na injini ya kwenda mbali.

Jambo la pili ni maji. Shirika la maji na umeme, REGIDESO, huchota ziwani sehemu kubwa ya maji yanayosambazwa Bujumbura, na huyasafisha kabla ya kuyapeleka majumbani. Kadiri maji ghafi yanavyokuwa na udongo na uchafu mwingi, ndivyo usafishaji unavyokuwa mgumu na wa gharama zaidi. Kwa hiyo tope linalochunguzwa kwenye chekecho na maji yanayotoka bombani Buyenzi au Kiriri vina chanzo kimoja.

Jambo la tatu ni muda. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, unaotoka upande wa Kongo karibu na Kalemie, na maji mengi zaidi ya yale yanayotoka kwa mto huo huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke haubebi udongo wala madini. Kinachoingia hukaa. Nchi nne zinazolizunguka zilitambua hilo zilipotia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana na mkataba huo ina makao yake Bujumbura, hatua chache kutoka milango ya mito inayohusika.

Kazi ya kulinda tope la ziwa, kwa hiyo, haianzii ziwani. Inaanzia kwenye mteremko: kwa mwenye kiwanja anayepanda nyasi na miti kabla ya mvua badala ya kuacha udongo wazi, kwa mkulima wa Mirwa anayechimba mitaro ya kukinga mmomonyoko na kuitunza, kwa jiji linaloimarisha kingo za korongo na kuelekeza maji ya mapaa kwenye mifereji imara, na kwa fundi anayekusanya mafuta machafu kwenye pipa badala ya kuyamwaga. Udongo uliozuiliwa Kiriri hauhitaji kutolewa ziwani. Uliokwisha kushuka hadi kwenye tope la Ntahangwa hakuna chombo cha kuupandisha tena mlimani.

Minyoo hawatalisafisha ziwa kwa niaba ya watu. Wanachoweza kufanya ni kuonyesha, kwa yeyote aliye tayari kuwahesabu, kama juhudi za mlimani zinafika chini au la. Siku ambapo chekecho la mlangoni mwa Ntahangwa litatoka na konokono, ostrakodi na mabuu ya aina nyingi, na minyoo wachache kati yao, wakazi wa Bujumbura watakuwa na sababu ya kuamini kwamba maji yao yanapata nafuu.